Mzinga Hauna Boneti

Mtu aliyezoea kazi ukimwambia apumzike umempa adhabu. Daktari alipomkataza Spana kunyanyua injini, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeanza kumchezea, alikaa kwenye kochi asubuhi moja tu. Kufika mchana redio ilikuwa vipande vipande juu ya meza. Kesho yake akafungua feni, ambayo haikuwa na ubaya wowote, na tangu siku hiyo ikawa inazunguka huku inalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Likafuata bomba la jikoni, kikafuata kitasa cha choo. Mkewe, fundi cherehani aliyeigeuza sebule yao kuwa kiwanda cha sare za shule, alivumilia mpaka siku alipomkuta mumewe amepiga magoti mbele ya cherehani yake, bisibisi mkononi.

"Nataka tu kuona ndani kukoje," Spana alisema.

"Baba Tinda, ukiigusa hiyo, mmoja wetu leo atalala nje. Na si mimi."

Habari ya nyuki ilianzia hapo. Miongoni mwa wateja wa Mama Tinda alikuwamo nesi mmoja mstaafu aliyefuga nyuki nyuma ya nyumba yake, si kwa biashara, kwa kujifurahisha tu, na alikuwa na mzinga mmoja mtupu uliokaa bure. Mama Tinda akamshonea mapazia, nesi akautoa mzinga. Alikuja kuuweka mwenyewe kwenye kona ya ua, mlango wake ukitazama ukuta, ili nyuki wakitoka wapande juu wasipite usoni pa watu. Akapaka nta ndani ili iwanukie nyuki wapitao njia, akaacha kofia ya wavu, glavu, na bomba dogo la kupulizia moshi. Halafu akatoa masharti. Miguu ya stendi ya mzinga ipakwe grisi, siafu wasipande. Nyuki wakishaingia, waachwe wajenge. Mzinga ufunguliwe mara moja moja tu, jioni, jua likiwa limepoa, kwa moshi wa majani makavu, moshi mweupe usio na joto. Kazi kubwa ya mtu anayeanza kufuga nyuki, alisema, ni kukaa na mikono mitupu.

Spana alisikia neno grisi, mengine yakampita. Aliipaka ile miguu grisi ya kutosha lori.

Nyuki waliingia asubuhi moja, wingu zima, wakilia kiasi cha kumfanya jirani afunge madirisha. Spana alifurahi kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Hakuweza kukaa na furaha ile peke yake, akaenda mpaka gereji yake ya zamani kuwaeleza vijana aliowafundisha kazi, ambao sasa ndio wenye gereji. Walimpokea vizuri mno. Wakampa kigoda kivulini, wakamletea soda, wakamwita mzee kila baada ya maneno mawili. Aliponyanyuka kwenda kuchungulia injini iliyokuwa ikikohoa, mmoja wao akamshika bega taratibu na kumrudisha kwenye kigoda. Soda ikamshinda kumaliza.

Kesho yake aliufungua mzinga. Alitaka kuona wameanza wapi. Keshokutwa aliufungua tena, maana jana hakumwona malkia. Ikawa kila siku. Wadudu wa watu wanajenga, yeye anawaezua paa, anachomoa fremu ya masega, anaitazama juani, anairudisha. Nesi alipopata habari alipiga simu akamwambia kwamba mzinga hauna boneti, na kwamba akiendelea hivyo nyuki watahama wamwachie sanduku lake. Spana akaitikia ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Jirani naye akaja na shuka jeupe lililojaa vitone vya njano, akalitandaza juu ya sare ambazo Mama Tinda alikuwa anazipiga pasi, akauliza kama huo mchezo wa nyuki kujisaidia juu ya nguo za watu ndio starehe yao mpya. Mama Tinda alilifua lile shuka kwa mkono wake. Siku hiyo cherehani ilikwenda kwa hasira.

*

Hali ilikuwa hiyo Tinda aliporudi nyumbani.

Ndiye kitinda mimba wao, na jina lilimganda hapo. Alikuwa ameolewa mji wa pili na mwenye duka la dawa, mwanamume mpole wa sauti, ambaye Spana alijivunia kwa kila mtu. Alifika mchana, amebeba begi moja. Baba yake aliliona begi. Mama yake aliona miguu: mwanawe alikuwa amesafiri njia yote ile na ndala za ndani, moja ya bluu, nyingine ya kijani.

"Mumeo hajambo?" Spana aliuliza.

"Hajambo."

"Anajua umekuja?"

Mama Tinda akasema maji ya kuoga yapo tayari, na yalikuwa bado hayajabandikwa jikoni.

Kule bafuni, mlango ukiwa umefungwa, Tinda alimwomba mama yake kitu kimoja tu. Mume wake akipiga simu, aambiwe hayupo. Mama hakuuliza kwa nini. Simu ilipolia jioni ile, alijibu kwa sauti ileile anayowajibia wateja ambao nguo zao hazijaisha: hapana baba, huku hajafika, kwani kuna nini? Spana alikaa karibu akisikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mlio asioujua ndani ya gari.

Basi akaanza. Kwenye chai aliuliza wamegombana nini. Kwenye chakula cha mchana aliuliza kama ni mambo ya pesa, au ni wakwe, au ni mwanamke mwingine. Alimwuliza akiwa anafua, alimwuliza akiwa anafunga vifungo vya sare. Hakuuliza kwa ukali hata kidogo. Aliuliza kwa upendo, na hicho ndicho kilichochosha, maana ukali mtu anaweza kuujibu. Tinda alisema amekuja kupumzika. Kila alipoulizwa alisema hivyo, na kila siku alikula kidogo kuliko jana.

"Mwache," Mama Tinda alimwambia mumewe jikoni.

"Nimwache vipi? Ukijua tatizo utalitengeneza. Usipolijua?"

"Usipolijua, unakaa kimya. Mwanao unamfungua kila siku kama huo mzinga wako. Atakuja kutuhama."

Spana alisema hayo ni maneno ya wanawake, akatoka nje. Kutoka nje ndilo lilikuwa jibu lake la mambo mengi.

*

Tinda mwenyewe alipenda kukaa kule kwenye kona. Jioni alichukua kigoda akaketi pembeni ya mzinga, akawatazama nyuki wakirudi, miguu imejaa chavua. Hawakumgusa. Siku moja akamwomba baba yake amfundishe. Spana nusura aruke. Akamvika kofia ya wavu, akamfunga glavu kwenye viwiko kwa mpira wa tairi, akawasha majani makavu. Jua lilikuwa limezama nusu.

Tinda alikuwa na mkono mzuri. Aliichomoa fremu polepole, bila kuigonga, akaishika nyuki wakitembea juu ya vidole vyake, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkia. Spana alisimama nyuma yake, na moyo wake ule mbovu ukatulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia tangu aondoke gereji.

"Wako wengi hivi," Tinda alisema, "na kila mmoja anampisha mwenzake. Hawapigani, Baba?"

Lilikuwa neno lake refu kuliko yote tangu afike, na nyuma yake kulikuwa na mengine yaliyojipanga kutoka. Mtu mwingine angesema hawapigani, au angesema sijui, akangoja.

"Hawapigani," Spana alisema. "Na nyinyi mlipigania nini?"

Tinda akairudisha fremu mahali pake. Akavua glavu, akaziweka juu ya kigoda moja juu ya nyingine, akaingia ndani. Spana alibaki na kifuniko mkononi, moshi ukimwingia machoni.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mpaka nyuma ya gereji, mahali ambapo mkewe asingemsikia, akampigia mkwe wake. Tusimwonee, hakuwa na nia mbaya. Kwa akili yake, ugomvi wa mume na mke ni gari lililogoma kuwaka. Ukilisukuma kidogo linashika, na wenyewe wanaondoka wakicheka. Alimwambia yupo hapa, mwanangu, hana neno, wewe njoo tu mzungumze. Mkwe alimshukuru sana. Sauti yake kwenye simu ilikuwa laini kama kawaida.

*

Alikuja Jumamosi saa za mchana, jua la utosi, shati limenyooka na manukato yametangulia mlangoni. Alimwamkia Mama Tinda kwa kuinama. Aliweka mezani sukari, sabuni, na dawa za moyo za mzee, akamweleza mzee namna ya kuzimeza kwa sauti ya juu, kama vile mzee alikuwa na maradhi ya masikio pia. Spana alisema ahsante mara nyingi kuliko ilivyopasa, na alijisikia anavyozidisha.

"Umejuaje kuwa yupo huku?" Mama Tinda aliuliza.

"Si mzee alinipigia."

Mguu wa Mama Tinda ukaondoka kwenye pedali. Alimtazama mumewe. Miaka yote waliyokaa pamoja alikuwa hajawahi kumtazama hivyo, na Spana akaanza kupangusa mikono iliyokuwa haina uchafu.

Tinda alikuwa uani akianika. Aliisikia sauti. Alimaliza kubana nguo aliyoishika, akaja mpaka kwenye kizingiti, akasema karibu, kama mtu anavyomkaribisha mteja. Wakakaa wote sebuleni katikati ya sare. Mkwe alikuwa anatabasamu. Tinda alikuwa anatazama sakafu. Kimya kikawa kirefu, na Spana, ambaye hajapata kukiona kimya asitake kukifungua, akasema njooni basi niwaonyeshe nyuki wangu.

Mkewe alisema si saa yake hii, jua kali. Hakumsikia. Majani makavu yalikuwa yamekwisha, na mgeni alikuwa amesimama akingoja, kwa hiyo Spana akaingia kwenye sanduku lake la vifaa akachomoa tambara la gereji, lile la kupangusia mikono, lililokunywa oili ya miaka. Akalisokomeza kwenye bomba akaliwasha. Moshi ukatoka mweusi, wa moto, wenye harufu ya lori linalokufa mlimani. Akavaa kofia ya wavu, akawapulizia nyuki moshi huo, halafu akafungua.

Nyuma yake mkwe alikuwa amesogea karibu na Tinda. Alimwambia, tabasamu likiwa palepale, aende akachukue begi waondoke, asimwaibishe mbele ya wazazi, mengine watayazungumza nyumbani. Neno nyumbani alilisema polepole.

Nyuki hawakutoka kama siku nyingine. Walitoka wote kwa pamoja, kwa mlio mwingine kabisa. Spana alipigwa mkono huu, akapigwa mkono ule, akadondosha kifuniko na kugeuka kuwaambia wenzake wakimbilie ndani. Hapo ndipo alipoona. Nyuki mmoja alikuwa amenasa kwenye nywele za Tinda, na mkwe alikuwa ameinua mkono ampige yule nyuki.

Tinda hakukimbia. Alikwenda chini. Magoti yalikunjika, mgongo ukageukia ukutani, mkono wa kushoto ukaziba sikio, wa kulia ukaziba kisogo, kidevu kikaingia kifuani. Hakutoa sauti. Nyuki walikuwa wanamuuma mikononi na hakuwa na habari nao.

Spana aliishi maisha yake yote akitazama mikono ya wanafunzi. Aliujua mkono unaojaribu, na aliujua mkono uliokwisha kuzoea kazi, ule usiofikiri tena. Mikono ya mwanawe ilikuwa imezoea.

Mkwe aliushusha mkono wake haraka. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mzee, kuona kama mzee ameona.

"Ni nyuki, Baba," alisema. "Nilikuwa namtolea nyuki."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

*

Ndani, Mama Tinda alimkwangua mwanawe miiba kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, midomo ameibana. Mkwe alikaa kwenye kochi, jicho moja limevimba limefunga, akieleza ni dawa gani inafaa kwa uvimbe wa nyuki. Spana alisimama katikati ya sebule, kofia ya wavu ingali kichwani.

"Nenda," alisema.

"Baba, tuzungumze kwanza. Si ndicho ulichoniitia?"

"Nimeshaona. Nenda zako."

Mkwe akanyanyuka, akanyoosha shati. Alisema sawa, leo watu wana uchungu wa nyuki, hakuna lugha. Alisema Tinda bado ni mke wake. "Nitarudi," alisema mlangoni, na hakuna ubaya wowote ungeweza kuupata kwenye sauti yake. "Sasa najua alipo."

Walimsikia akifunga lango vizuri, kwa adabu.

Tinda alikuwa amenyoosha mikono juu ya mapaja ya mama yake. Ilikuwa imeumuka kama maandazi. Hakuonekana kulia, na baba yake angetoa chochote alie.

"Ni wewe uliyemwita?"

"Ni mimi."

"Nilimwomba Mama kitu kimoja tu siku ile."

"Kwa nini hukuniambia mimi, mwanangu? Ningejua, ningemwita vipi?"

Tinda alifikiri. Alikuwa anataka kumjibu kweli.

"Kukuambia tu kusingekutosha, Baba," alisema. "Ungetaka kuona."

Spana alivua kofia ya wavu. Hakuwa na mahali pa kuiweka. Akatoka nayo nje, akakaa nje mpaka jua likaondoka.

*

Nyuki walihama baada ya siku chache, mchana mweupe. Walipanda juu ya ukuta kama moshi na kwenda zao. Spana aliwatazama akiwa amesimama jikoni, hakuwafuata, na jirani akafungua madirisha.

Lango likigongwa, Tinda anaingia chumbani. Gari likipunguza mwendo barabarani, sindano ya Mama Tinda inasimama. Spana alizunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, akafunga mlango uliofungwa, akakagua komeo alilolikagua. Mikono ilimwasha na hakukuwa na cha kufungua. Alitaka kumwambia mwanawe samahani, lakini kila alipomkaribia swali ndilo lililokuja mbele, ilianza lini, alikupiga na nini, kwa nini ulikaa, akageuza njia na kurudi uani.

Siku moja mkewe alimtuma vifungo. Si vile vya duka la jirani, alisema, havifai. Vile vya sokoni, tena atafute duka la mwisho kabisa, achague rangi vizuri. Spana alikwenda. Alikuwa mtu wa kutumwa vifungo siku hizi, na alikuwa amezoea. Alizunguka, akachagua, akabishana na muuzaji kuhusu bluu.

Aliporudi, mlango wa chumba cha Tinda ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Begi halikuwapo. Alisimama pale na vifungo mkononi mpaka akaelewa kwa nini vya duka la jirani havikufaa.

"Yuko wapi?"

Mama Tinda alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. "Yuko salama."

"Salama wapi?"

"Baba Tinda." Aliuweka uzi chini. "Nikikuambia, wiki haitakwisha utataka kwenda kuangalia kama yuko salama. Na yule atakufuata nyuma. Umenielewa?"

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo."

Alingoja mkewe aongeze neno, na mkewe akarudi kwenye sindano. Ni mkewe aliyeamua yeye asiambiwe, au ni Tinda? Hata hilo alitaka kuliuliza. Lilikuja mpaka kwenye meno. Aliweka vifungo mezani, na mkewe bila kuvitazama akasema rangi yake nzuri.

Haikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Simu ya mkewe ilipolia jioni na mkewe akashusha sauti, Spana aliinuka mwenyewe akatoka nje, akaenda mbali kiasi cha kutosikia, akasimama gizani akihesabu mbwa wanaobweka. Akirudi, alitazama uso wa mkewe. Ukiwa mkunjufu, alikula. Ukiwa umekunjamana, alishika kijiko tu. Hiyo ndiyo habari ya mwanawe aliyokuwa akiipata, nusu sahani au sahani nzima.

Mkwe alirudi, kama alivyoahidi. Uvimbe ulikuwa umemwisha na shati limenyooka. Spana alikutana naye langoni, hakulifungua zaidi ya upana wa bega. Mkwe aliamkia, akauliza hali, akauliza kama dawa bado zipo. Halafu akauliza Tinda yuko wapi.

"Sijui."

"Mzee, mimi si mtoto."

"Sijui alipo."

Mkwe alicheka kidogo. Aliinua sauti, si sana, kiasi cha jirani aliyekuwa anaanika kuacha kuanika. "Baba mzima hajui mwanawe analala wapi? Huoni aibu?"

Spana aliona aibu. Ilimpanda kutoka miguuni, mbele ya jirani na mashuka yake. Mkwe alimchunguza usoni muda mrefu, akitafuta uwongo, na akiwa mtu anayejua uwongo ulivyo, akaona kwamba haupo. Mzee wa watu hakuwa anajua.

"Basi kamuulize mkeo," mkwe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini. "Yeye anajua. Kamuulize sasa hivi, mimi nangoja."

Spana alishika lango kwa mikono yote miwili.

"Simuulizi," alisema.